Mubirizi, Vinka na Seli Inayojila

Wahenga walisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya mtu juu ya adui aliye karibu naye, lakini ni nadra kupata ugonjwa unaoistahili kuliko saratani. Hata pale saratani inapochochewa na kirusi au moshi kutoka nje, zinazokua na kuuharibu mwili ni seli za mwili wenyewe zilizovuka mpaka wao. Sayansi ya zama zetu imeongeza jambo la pili juu ya methali hiyo: kila seli, iliyo nzima na iliyougua, ina desturi ya kujila yenyewe. Tangu habari hiyo itoke katika vitabu vya wataalamu na kuingia mitaani, tumeanza kusikia hapa Bujumbura usemi mpya, kwamba mimea yetu michungu, hasa mubirizi, huifanya saratani ijile mpaka iishe.

Jioni moja mwanafunzi wa darasa la watu wazima, mtaani Buyenzi, alinijia baada ya kipindi akiwa na karatasi iliyochapwa. Humo mliandikwa kwamba wataalamu wa ng'ambo wamethibitisha kuwa maji ya majani ya mubirizi "huua saratani kwa kuifanya ijile". Mama yake mzazi alikuwa na uvimbe katika titi, na daktari alikwisha kumpa siku ya kurudi kwa matibabu. Mwanafunzi akaniuliza: "Mwalimu, wewe ndiye unayetufundisha maneno. Hapa wameandika 'huua'. Je, ni sawa na kusema 'huponya'? Mama asirudi hospitali?"

Mimi si daktari. Lakini swali lile lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la tiba, na kwa sababu hiyo lilinihusu. Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile. Makala haya ni jibu langu kwa urefu, kwa ajili yake na kwa ajili ya walimu wenzangu ambao bila shaka wamekwisha kuulizwa, au wataulizwa, swali kama hilo. Jibu lenyewe limo katika historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetendeka katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

Tuanze na maneno. Saratani ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, na Walatini wakafanya vivyo hivyo. Ndiyo asili ya neno kansa lililotufikia kwa njia ya Kiingereza. Mubirizi, kwa upande wake, ni jina la Kirundi, umubirizi, ambalo Kiswahili cha Bujumbura kimelipokea karibu kama lilivyo. Wahaya huuita mmea huo omubilizi, Waganda omululuza, na katika sehemu za Tanzania huitwa mtugutu. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Vernonia amygdalina. Ni kichaka kinachoota upesi, hupandwa penye ua wa nyumba, na majani yake machungu huchemshwa kwa ajili ya homa, minyoo na maumivu ya tumbo. Huko Nigeria majani hayo ni mboga, lakini hayapikwi mpaka yamefikichwa na kuoshwa mara kadhaa ili uchungu upungue. Naomba msomaji aliweke moyoni jambo hilo la kuosha, maana tutalirudia.

Neno la tatu ni hilo la kujila, nalo lina historia iliyo karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1955, wakati Bujumbura ilipokuwa bado ikiitwa Usumbura na nchi ikitawaliwa na Ubelgiji, Christian de Duve, mwalimu wa chuo kikuu cha Louvain huko huko Ubelgiji, alitangaza kwamba ndani ya seli mna vifuko vidogo vyenye asidi na vimeng'enya vikali. Akaviita lisosomu. Mwaka 1962, Thomas Ashford na Keith Porter, huko Marekani, waliona kwa hadubini ya elektroni, katika ini la panya, vifuko vyenye vipande vya seli ile ile ndani yake. Mwaka 1963, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika London, de Duve alilipa tendo hilo jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja likiwa na maana ya nafsi na la pili maana ya kula. Mwaka 1974 alipewa Nishani ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade.

Kwa Kiswahili neno hilo halihitaji kukopwa. Tunacho kitenzi -la, na tunacho kirejeshi -ji-. Tukiviunganisha tunapata kujila. Wanafunzi wengi husema "seli inajikula", na ni kazi yetu kuwakumbusha kwamba kitenzi cha silabi moja hukiacha kiambishi ku- kinapopokea kirejeshi au kiambishi cha mtendwa: kama tusemavyo "anamla", ndivyo tusemavyo "inajila". Tena lugha yetu inatusaidia kuielewa maana. Mswahili akisikia "kula" hafikirii kinywa peke yake. Husema pia "kula akiba". Nyumba iliyofikiwa na njaa hula akiba yake; kiti kilichovunjika hukatwa kikawa kuni; nguo kuukuu huchanwa ikawa kitambaa cha kufutia. Seli hufanya hivyo hivyo. Ikikosa chakula, huvizingira baadhi ya viungo vyake vilivyochakaa, huvipeleka kwenye lisosomu, huvimeng'enya, kisha huvitumia tena. Hata ikiwa na shibe hufanya kazi hiyo kidogo kidogo, kama mtu afagiaye nyumba yake kila asubuhi.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilijulikana kwa kuonekana tu. Namna linavyoendeshwa haikufahamika. Aliyelifungua ni Yoshinori Ohsumi wa Japani. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 aliichunguza hamira, ile ile tunayotia katika unga wa maandazi, akapata jeni zinazoongoza kujila. Kwa kazi hiyo alipewa Nishani ya Nobel mwaka 2016. Kati ya hapo, mwaka 1999, Beth Levine na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba jeni moja ya kujila, iitwayo beclin 1, ina uwezo wa kuzuia ukuaji wa uvimbe, na kwamba katika seli nyingi za saratani ya titi kazi yake imepungua. Hapo ndipo habari za saratani na habari za kujila zilipokutana, na hapo ndipo watu walipoanza kutafuta, katika mimea ya kila nchi, kitu kitakachoamsha au kuzima tendo hilo.

Lakini wataalamu walipoendelea waligundua kwamba kujila kuna nyuso mbili. Katika seli ambayo bado ni nzima, kujila ni usafi: takataka huondolewa kabla hazijaleta madhara, na hivyo saratani huzuiwa isianze. Katika uvimbe uliokwisha kukua mambo yanaweza kugeuka. Ndani ya uvimbe mna msongamano, damu haifiki vizuri, chakula ni haba. Hapo seli za saratani huweza kuishi kwa kula akiba yao wenyewe, hata zikastahimili dawa. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mmea fulani huzidisha kujila, bado hajatuambia kama mmea huo ni rafiki wa mgonjwa au ni rafiki wa ugonjwa. Karatasi ya mwanafunzi wangu haikuwa na neno hata moja juu ya uso huo wa pili.

Sasa tuigeukie mimea yenyewe, tuone ni ipi iliyopata kuwa dawa ya saratani na kwa njia gani. Wa kwanza ni vinka, lile ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe tunalolipanda mbele ya nyumba bila kulifikiria. Asili yake ni Madagaska. Watu wa nchi mbalimbali, Jamaika ikiwa mojawapo, walichemsha majani yake kwa ajili ya ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1952 majani kutoka Jamaika yalimfikia Robert Noble, mtaalamu wa Kanada. Yeye na mwenzake Charles Beer hawakuona faida yoyote kwa kisukari. Waliona badala yake kwamba chembe nyeupe za damu za panya zilipungua sana. Mtu mwingine angeyatupa majani yale. Wao walijiuliza kama kitu kinachopunguza chembe nyeupe hakingefaa dhidi ya saratani ya damu, na mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, aliruhusiwa kutumiwa Marekani mwaka 1963. Dawa hizo huzivunja nyuzi nyembamba ambazo seli huzihitaji ili igawanyike, na seli isiyoweza kugawanyika hufa.

Mwaka huo huo wa 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt, wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliowaua watoto wengi wa Afrika. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na madaktari wawili mwendo wa maili 10,000 hivi, akiuliza hospitali kwa hospitali, akaona kwamba ugonjwa huo hufuata nchi zenye joto na mvua na hupungua milimani. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo cha kutibu uvimbe huo, kwa ushirikiano wa Makerere, serikali ya Uganda na taasisi ya saratani ya Marekani; ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. John Ziegler alikiongoza kwanza, na baada yake akafuata Mganda, Charles Olweny. Katika wodi zake vinkristini ilitumiwa pamoja na dawa nyingine, na watoto ambao zamani wangezikwa wakapona, ijapokuwa si wote. Hapo kitenzi "kuponya" kilitumika kwa haki, kwa sababu watoto walihesabiwa, walifuatwa hadi makwao, na miaka ilipita wakiwa hai.

Tuangalie sasa vinka inavyohusiana na kujila. Wachunguzi wa seli waliitwaa vinblastini na kuitumia kama chombo cha maabara, kwa kuwa huzivunja zile nyuzi ambazo vifuko vyenye takataka hupitia kuelekea kwenye lisosomu. Vifuko vikajazana visifike, na kujila kukakwama. Basi dawa ya mmea iliyotumika kuwatibu watoto wa Kampala, ikitazamwa kwa upande huu, huzuia kujila badala ya kukuchochea. Hatusemi kwamba ndiyo sababu ya kuponya kwake, maana inaua kwa kuzuia seli isigawanyike. Tunasema tu kwamba habari si nyepesi kama ilivyochapwa katika karatasi ile.

Mmea wa pili unatupeleka pwani. Katika Milima ya Shimba, kusini ya Mombasa, huota mti mdogo ambao wataalamu waliuita Maytenus buchananii. Wadigo waliujua na kuutumia kwa magonjwa ya uvimbe. Mwaka 1972 mwanakemia wa Marekani, S. Morris Kupchan, alitangaza kitu kikali alichokipata katika mti wa jamaa hiyo hiyo kutoka Ethiopia, akakiita maitansini. Kwa kuwa kitu hicho kilikuwamo kwa kiasi kidogo mno, ilihitajika mimea mingi ili kupata cha kujaribia. Katika miaka ya 1970 zaidi ya tani 27 za mti huo zilivunwa Shimba kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Marekani. Miaka minne baadaye walipohitaji nyingine, mti ulikuwa haujarudi vizuri, na wakusanyaji wakapata shida kupata hata tani chache. Ujuzi wa Wadigo uliofungua njia haukutambuliwa wala kulipwa.

Na baada ya hayo yote, maitansini ilipojaribiwa kwa watu ilionekana kuwa sumu kali kupita faida yake, ikawekwa kando. Ilikaa hivyo miaka mingi, mpaka wataalamu walipopata akili ya kuifunga kwenye kingamwili ambayo huitafuta seli ya saratani na kuipelekea sumu ile mlangoni. Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, iliruhusiwa Marekani mwaka 2013 kwa aina moja ya saratani ya titi. Siku hizi sumu hiyo haitengenezwi tena kwa mti wa Shimba. Hutokana na bakteria wanaofugwa viwandani. Tangu 1972 hadi 2013 ni miaka 41. Huo ndio urefu wa njia kutoka kwenye jani hadi kwenye dawa, hata pale jani linapokuwa na nguvu ya kweli.

Tumeona mmea ulioponya na mmea uliochelewa. Sasa turudi nyumbani, kwenye mubirizi. Kupchan huyo huyo, mwaka 1969, alitangaza kwamba alipata katika mmea huu vitu viwili vinavyoua seli, navyo akaviita vernodalini na vernomigdini. Tangu mwaka 2003 Ernest Izevbigie, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Jackson State huko Mississippi, alieleza kwamba maji ya majani hayo yalizuia ukuaji wa seli za saratani ya titi. Kwa hiyo karatasi ya mwanafunzi wangu haikuwa uzushi mtupu. Lakini seli hizo zilikuwa katika sahani ya maabara. Ndani ya sahani hamna ini, hamna figo, hamna moyo. Hamna mama wa mtu.

Sehemu ya pili ya habari hii ilitokea kwenye ziwa letu wenyewe. Katika Milima ya Mahale, upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, mwezi wa Novemba 1987, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, mlegevu, hana hamu ya chakula. Wakamwona anavunja tawi la mubirizi, ambao Watongwe wa huko huuita mjonso, analimenya, anaacha majani na gome, kisha anatafuna na kufyonza kiini chake kichungu. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Seifu Kalunde alikuwa Mtongwe mwenye ujuzi wa mitishamba, naye ndiye aliyemweleza mwenzake kwamba mmea ule ni dawa kwa watu wa kwao. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989 kwa majina ya wote wawili. Wanakemia wa Kyoto walipouchunguza mmea huo walikuta kwamba vernodalini imejaa katika majani na gome, na kwamba kwa kiasi kikubwa huwadhuru panya hata kuwaua. Kiini kina vitu vingine, vilivyo vipole zaidi, vinavyowadhuru minyoo.

Natumaini msomaji ameliona jambo lenyewe. Kitu kile kile kilichosifiwa kwa kuua seli za saratani katika sahani ndicho Chausiku alichokitupa pamoja na majani, na uchungu wa majani hayo ndio mama wa Nigeria anaoufikicha na kuumwaga kabla ya kupika. Neno "huua" ni la kweli kabisa. Tatizo ni kwamba halisemi linaua nani. Sumu haijui tofauti ya seli mbaya na seli njema mpaka ifundishwe kwa kipimo, au ielekezwe kama maitansini ilivyoelekezwa.

Mfano wa mwisho kila mkazi wa Bujumbura aliyetimiza umri wa makamo ameuonja. Mkwinini, mti uliotoka Amerika ya Kusini, ulipandwa Kivu, ng'ambo ya Rusizi, tangu zama za Wabelgiji, na gome lake ndilo asili ya kwinini. Mwaka 1934 Hans Andersag, mwanakemia wa Ujerumani, alitengeneza kiwandani dawa yenye umbo la kufanana na kwinini, ambayo baadaye iliitwa klorokwini. Twaweza kuiita mtoto wa kambo wa mti ule. Kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria ya kila nyumba hapa kwetu, mpaka vimelea vilipoizoea. Baada ya mlipuko mkubwa wa malaria wa mwaka 2000 na 2001, Burundi iliiacha, na mwaka 2003 ikaanza kutumia artesunati pamoja na amodiakwini; na artesunati nayo chanzo chake ni mmea, pakanga ya Uchina.

Klorokwini iliyofukuzwa katika malaria ilikaribishwa katika utafiti wa saratani, kwa sababu huingia ndani ya lisosomu na kuipunguza asidi yake, na hapo kujila hukwama. Ikiwa uvimbe unaishi kwa kula akiba, walifikiri wataalamu, basi tuufungie ghala. Huko Meksiko, mwaka 2006, wagonjwa 30 wa saratani ya ubongo waligawanywa katika makundi mawili; waliopewa klorokwini pamoja na matibabu ya kawaida waliishi zaidi kwa wastani, lakini walikuwa wachache mno kuweza kuthibitisha jambo. Marekani walijaribu dawa iliyo ndugu yake, haidroksiklorokwini, kwa wagonjwa wengi zaidi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 hayakuonyesha kwamba maisha yalirefuka. Majaribio mengine yameendelea, lakini hadi leo haijawa tiba iliyokubaliwa ya saratani. Hii ni dawa ambayo kipimo chake kinajulikana, madhara yake yanajulikana, na imemezwa na mamilioni ya watu. Kama yenyewe haijaitwa dawa ya saratani, tutawezaje kuyaita hivyo majani ambayo kipimo chake ni kiganja cha mkono?

Wasomaji wasinifahamu vibaya. Sikusudii kuwadharau waganga wa mitishamba. Historia niliyoieleza inaonyesha kinyume: Wadigo walijua, Watongwe walijua, na wataalamu walifika baadaye. Mwaka 1989 M. Baerts na J. Lehmann walitoa kitabu juu ya waganga na mimea ya dawa ya milima igawayo maji ya Kongo na Nile hapa Burundi. Waganga wa milima yetu ndio waliosema. Kitabu kikachapishwa kwa Kifaransa, na Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji. Ujuzi ulitoka hapa kwa Kirundi, ukaandikwa kwa Kifaransa, ukafanyiwa kazi kwa Kiingereza, kisha ukaturudia Buyenzi na Bwiza katika Kiswahili cha karatasi ya mtaani, umepoteza njiani masharti yake yote. Kilichobaki ni kitenzi kimoja: huua.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu wa Kiswahili ilipo. Hatuwezi kupima majani, lakini twaweza kupima maneno. Jambo likiwa limeonekana katika sahani, tuseme "limeua seli maabarani". Likiwa limeonekana kwa panya, tuseme "limepunguza uvimbe wa panya". Likiwa limejaribiwa kwa wagonjwa wachache ili kujua usalama na kipimo, tuseme "linajaribiwa". Likiwa limelinganishwa kwa wagonjwa wengi na kuonekana bora, tuseme "linatibu". Na pale tu wagonjwa wanapohesabiwa wakiwa wazima baada ya miaka, kama wale watoto wa Kampala, tuseme "linaponya". Mwanafunzi aliyefundishwa tofauti za vitenzi hivyo hatadanganywa kwa urahisi na karatasi yoyote, iwe imetoka sokoni au imetoka ng'ambo. Ni zoezi zuri la darasani: mpe habari ya gazeti kuhusu dawa, umwambie akiweke kila kitenzi katika ngazi yake.

Na jibu nililompa jioni ile lilikuwa hili: Mama arudi hospitali siku aliyoandikiwa, asiikose. Kama amekuwa akinywa mubirizi, amwambie daktari waziwazi, bila kuona haya, kwa kuwa mmea wenye nguvu huweza kugombana na dawa; na mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanafunzi aliikunja karatasi yake, akaniuliza tena kama "huua" na "huponya" hazina maana moja. Nikamwambia hazina, na kwamba kati ya maneno hayo mawili kuna safari ya miaka mingi ambayo mama yake hana haja ya kuisafiri peke yake.